Chumba cha Themanini na Nane

Mtoto wa chumba cha themanini na nane alipolia, ziwa langu la kushoto lilijaa kabla sijajua ninasikia nini. Ilikuwa saa nne asubuhi, Alhamisi. Nilikuwa maabara, hedifoni masikioni, kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa, na kwenye blauzi duara dogo la maji lilikuwa linakua. Mtoto mwenyewe hakuwepo. Alilia miaka mitatu iliyopita katika nyumba nisiyoijua, na sasa huenda anakimbia na kuvunja vikombe vya watu. Lakini mwili hauna kalenda. Mwili ulisikia mtoto ana njaa, ukamwaga.

Nikasimamisha sauti, nikainuka kwenda kubadili kitambaa. Kibwana akageuka na kiti chake cha magurudumu.

"Mama Yumna, wa ngapi leo?"

"Wa tatu."

"Sisi tunachambua data, mwenzetu anainyonyesha." Akacheka peke yake, akarudi kwenye skrini.

Kibwana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasomea udaktari wake wa falsafa, na ndiye aliyeandika programu ya kufuta majina. Sisi watano wengine tulikuwa wachambuzi. Mimi nilifika pale kwa mlango wa masomo ya jioni, miaka miwili ya kukaa darasani, mwaka wa pili na tumbo linalopanda, na siku nilipopata barua ya Maabara ya Faragha, Chuo cha Sayansi za Mtandao, Tanga, nililala nayo chini ya mto. Faragha! Nilifikiri nakwenda kuzilinda siri za watu. Sikujua kwamba kazi inaanza kwa kuzisikiliza.

Nilipotoka chooni nikavaa hedifoni tena, nikarudisha nyuma kidogo.

Kwanza maji. Bakuli linachota, maji yanamwagika kwenye beseni. Halafu sauti ya bibi, iliyopindwa na mashine mpaka ikawa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi:

"Karibu mgeni, karibu. Mjukuu wa msuka viti wa barabara ya kumi na mbili. Kitukuu cha mpiga tarumbeta wa bendi ya mkonge. Mtoto wa yule aliyefaulu peke yake, darasa zima likaanguka. Karibu, wenyewe wamekungoja."

Kisha sauti ya mzazi.

"Bibi, jana nilimpeleka kisimani."

"Kufanya nini?"

"Nilimlaza ukingoni. Nikamwacha pale, nikaondoka. Nilihesabu hatua. Zilifika kumi na moja."

Maji yakaacha kumwagika.

"Ikawaje?"

"Sijui. Miguu iligeuka yenyewe."

"Ulirudi, hukurudi?"

"Nilirudi."

"Basi mpe ziwa."

Mtoto akalia. Ndipo ikaja sauti ya tatu, changa na tamu, ambayo mashine haikuipinda kwa sababu haikuwa ya mtu: "Mtoto ana njaa. Umefanya vizuri kumsogeza karibu. Hongera, mama."

Hiyo ndiyo hirizi. Kwenye karatasi za kliniki inaitwa Kidhibiti cha Afya ya Mtoto, lakini hakuna mama anayeiita hivyo. Ni shanga moja ya rangi ya fedha kwenye uzi mweusi, inafungwa mkono wa kushoto siku mtoto anapozaliwa, na inafasiri kilio. Ana njaa. Tumbo linamsokota. Amelowa. Mimi mwenyewe niliibusu mara moja, saa tisa za mchana, siku Yumna alipolia tangu asubuhi na ile sauti ikaniambia kwa upole kwamba ni sikio linamuuma. Ilikuwa kweli. Nani angekataa kitu kama hicho?

Ila ili ijue kilio cha njaa, hirizi husikiliza kilichotangulia kilio na kilichofuata. Husikiliza kila kitu. Kampuni iliyoitengeneza, Sauti ya Kwanza, iliyaweka yote kwenye ghala moja mtandaoni, kila mzazi na chumba chake cha siku arobaini, na anwani ya kila chumba iliishia na namba. Ukifungua chumba cha saba, ukafuta saba ukaandika nane, unaingia kwa jirani. Hakuna kufuli, hakuna hodi. Profesa Shekiondo, mkuu wa maabara yetu, aligundua hilo, akachota vyumba mia mbili na kumi na mbili vya mkoa wetu kama ushahidi, kisha akaiandikia kampuni. Kampuni ikafunga ghala wiki hiyo hiyo, ikasema halijawahi kuwa wazi.

Basi ushahidi wote duniani ulikuwa kwetu, ghorofa ya pili, kwenye seva moja yenye ukubwa wa sanduku la viatu. Kamati ya Maadili ilituruhusu kuusikiliza kwa sharti kwamba usinakiliwe, sauti zipindwe na majina yafutwe.

Kwenye skrini yangu kulikuwa na sehemu mbili za kujaza. Aina: nikachagua Siri. Uzito, moja hadi tano. Nikabonyeza tano.

Kidole kilikuwa kimezoea. Kilibonyeza kama mtu anavyofunga mlango wa friji.

Ndipo nikasikia, nyuma ya mtungi wa mashine, namna yule bibi alivyosema "wenyewe wamekungoja". Nilijua mkono unaoendana na maneno yale. Ulinikanda maji ya moto siku arobaini, na kumwogesha Yumna. Alikuwa Bi Mize.

Kwetu mtoto hatajwi jina mpaka arobaini yake iishe, watu wanaogopa husuda. Humo chumbani hata mama yake hatajwi. Anayemwogesha humkaribisha kwa watu wake: mjukuu wa nani aliyefanya nini, mtoto wa nani wa mtaa gani. Kibwana alipopitisha programu yake juu ya vyumba vyote, alikuja akicheka kwamba kazi imekuwa nyepesi mno, asilimia tisini na nane hakuna jina hata moja la kufuta. Tukampigia makofi. Watu wazima, wenyeji, waliooshwa na bibi zao kwa maneno hayo hayo, tukampigia makofi.

Msuka viti wa barabara ya kumi na mbili alikuwa mmoja tu. Marehemu Mzee Ngoda. Na binti yake, yule aliyefaulu peke yake darasa zima likaanguka, alikuwa Mwalimu Hidaya, anayeshinda na mwanangu kila siku kuanzia saa moja asubuhi.

*

Kituo cha kulelea watoto kiko Makorora, nyuma ya mashine ya kusaga. Kwenye lango kuna taa ndogo. Nikasema jina langu, taa ikawaka kijani na namba ikapita: Gredi ya Malezi, B. Mlango ukafunguka. Gredi hiyo kila mzazi anayo. Inakula kila kilicho wazi mtandaoni, picha, malalamiko, kesi, maneno, na kwa walezi wa watoto haitakiwi kushuka chini ya A. Ikishuka, hakuna mtu wa kumlilia. Lango halikufungukii tu. Ukishuka zaidi, wanakuja kumtazama na mtoto wako wa kumzaa.

Mwalimu Hidaya alikuja na Yumna begani, bega lenyewe limechafuka kwa uji uliokauka. Binti yake, Swaumu, miaka mitatu, alining'inia kwenye kanga yake kwa nyuma.

"Leo kanywa kikombe kizima," alisema. "Kisha akanitemea nusu. Mpokee mwanao, ana hesabu zake huyu."

Nikampokea. Na mkono wangu, naapa sikuutuma, ukapita nyuma ya shingo ya Yumna. Ukapita kwapani. Ukageuza viganja vyake vidogo, kimoja, cha pili.

Mwalimu Hidaya alinitazama.

"Mama Yumna, unamkagua mtoto kama mchele wenye mawe."

"Joto tu, Mwalimu. Naangalia vipele."

"Vipele viko mgongoni. Wewe uko shingoni."

Tukacheka wote wawili. Kicheko changu kilikuwa na ladha ya shaba. Njia nzima nilimbana Yumna kifuani, na nyumbani nikamwogesha polepole, nikimgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikitafuta alama ya kidole cha mwanamke ambaye kwa miezi mitano hajamrudisha mwanangu kwangu na machozi hata siku moja. Sikupata kitu. Nikatafuta tena.

Halafu nikajiona. Nikaona mikono yangu ndani ya povu, nikaichukia. Yule mwanamke alirudi miaka mitatu iliyopita. Alirudi, akampa ziwa, akamlea mpaka akawa Swaumu anayening'inia kwenye kanga. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado nimesimama pale kisimani, namhesabia hatua.

*

Ijumaa saa nne kulikuwa na chai. Ilianza kama kikao cha kazi: kila mchambuzi anachangia kipande kimoja kilichompa shida. Baadaye ikageuka. Mashine ilikuwa inapanga yenyewe vipande vya uzito wa tano vya wiki hiyo, Kibwana anavicheza kwenye spika kubwa, na watu wanakula bhajia. Tuliita "kuonja". Wiki za nyuma nilionja na mimi. Kulikuwa na mzazi mmoja aliyemuuliza bibi yake swali kuhusu mume, swali la kitoto kabisa, na maabara nzima ilivunjika mbavu, na mimi nikafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio.

"Leo kuna kitu," Kibwana alisema. "Chumba themanini na nane. Jamani, subirini hirizi inavyomalizia."

Sikuwa nimefikiri. Niliweka tano, nikaenda zangu nyumbani.

Maji yakamwagika kwenye spika. Karibu mgeni, karibu. Nilikuwa na bhajia mdomoni, na ilianza kukua, ikawa kama pamba. Hatua kumi na moja. Mchambuzi mwenzangu Rehani akaacha kutafuna. "Huyu si wa kukamatwa huyu?" alisema. "Mtoto anaachwa kisimani, mnasikia?" Mwingine akasema, "Sshh." Kisha ile sauti tamu: Umefanya vizuri kumsogeza karibu. Hongera, mama.

Kibwana akapiga meza. "Hongera! Hongera, mama! Hii mashine ina roho ya bibi harusi!"

Wakacheka. Nikaitema bhajia kiganjani.

"Zima."

"Bado kuna—"

"Kibwana, zima. Namjua."

Mlangoni alikuwa amesimama Profesa Shekiondo na kikombe chake. Mwanamke mrefu, miwani kwenye kamba shingoni, mama wa watoto watatu wakubwa.

"Unamjua kwa sauti?" aliuliza. "Sauti zimepindwa."

"Namjua kwa watu wake. Wote wametajwa. Profesa, kila chumba kinawataja. Majina tu ndiyo hayamo."

"Kibwana, mpe chumba kingine."

Kibwana akafungua chumba cha kumi na tisa. Mjukuu wa mwenye kinu cha Mabawa, aliyeoa mapacha wa nyumba moja. Nikataja ukoo. Chumba cha mia na nne. Sikukijua. Chumba cha sitini. Kitukuu cha refa aliyepigwa na mashabiki wa timu zote mbili. Rehani akadakia kabla yangu: "Heh! Si babu yake Mama Nuru, wa duka la dawa?"

Nilitegemea uso wa Profesa uanguke. Badala yake ulifunguka kama wa mtu aliyeona mwezi wa Idi.

"Hakuna aliyewahi kuandika hili," alisema taratibu. "Hakuna popote. Wote tunafuta majina. Mama Yumna, hii ni sura nzima ya andiko. Jina lako litakuwa la pili, baada ya langu."

Nikainama, nikatapika kwenye kapu la karatasi.

*

Ofisini kwake alinipa maji na leso, akafunga mlango.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Unadhani mimi sina pua? Kila Ijumaa nasikia harufu. Ile kuonja inakoma leo, nilipaswa kuizuia zamani. Sasa nisikilize na mimi. Mwezi ujao hirizi inakuwa lazima kwa kila kliniki nchini. Kila mtoto. Kampuni inasema imefunga ghala, na ni kweli imelifunga, wewe huwezi kuingia. Wao wanaingia, na wanaowauzia wanaingia. Mwaka jana nilisema hadharani kwamba inasikiliza mazungumzo. Walisemaje?"

"Kwamba sauti ulizitengeneza na mashine."

"Na watu wakawaamini, maana sauti siku hizi anaitengeneza hata mtoto wa darasa la tano. Kwa hiyo Jumatatu naweka vyumba vyote wazi, mia mbili na kumi na mbili, kila mtaalamu duniani apime mwenyewe. Kimoja kinaweza kutengenezwa. Siku arobaini mara mia mbili haziwezekani."

"Na Gredi nayo itapima, Profesa. Kilicho wazi, Gredi inakila. Kama mimi nimemjua kwa dakika moja, yenyewe itamjua kwa muda gani?"

Alivuta kalenda ya mezani karibu.

"Tutawafuta na babu zao," alisema. "Kibwana ana siku mbili."

"Hawezi. Hajui lipi linamtaja mtu na lipi halimtaji. Hata mimi nusu sijui. Waulizwe wenyewe."

"Niwaulize vipi? 'Hujambo mama, nimekusikia uchungu wako wote, nisaidie kusaini'? Watakufa kwa aibu."

"Kwa hiyo bora wafe bila kuulizwa."

Profesa aliivua miwani. Macho yake yalikuwa yamechoka kweli, sikuona ujanja ndani yake. "Wanawake mia mbili na kumi na mbili," alisema, "au kila mwanamke atakayezaa nchi hii. Hebu chagua wewe. Mimi nimechagua, na sijalala vizuri tangu hapo."

Nilitoka bila kuaga. Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Nilimgeuza kila upande nikitafuta uongo wake, kama nilivyomgeuza Yumna, na sikuupata.

*

Jumamosi asubuhi Mwalimu Hidaya alikuwa uani kwake, anasugua mikeka ya kituo. Harufu ya mikojo ya watoto na sabuni ya kipande. Swaumu alikuwa ndani, anaimbia doli.

"Mama Yumna! Karibu, vua viatu, shika brashi."

Nikashika brashi. Nikasugua mkeka mmoja mpaka mwisho. Kisha nikamwambia. Sikujua namna nzuri ya kulisema, nikalisema hivyo hivyo: hirizi ya Swaumu, ghala, maabara, hedifoni, Bi Mize, na kwamba Jumatatu Profesa anaviweka vyumba vyote wazi. Kisima.

Brashi yake iliendelea kwenda, ikapungua kasi, ikasimama.

"Wangapi wamesikia?"

"Sita. Na Profesa, saba."

"Wakasemaje?"

"Mmoja alisema ukamatwe. Wengine walicheka, walicheka mashine, ilivyokupongeza."

"Wewe ulicheka?"

"Hiyo sikucheka."

"Hiyo." Alilishika neno kama mtu anayeokota unywele kwenye chakula. "Nyingine ulicheka."

"Nyingine nilicheka."

Akatema mate kwenye povu, pembeni ya miguu yangu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Kumbe ndiyo maana Alhamisi ulimkagua shingo. Mwanao nimelala naye kifuani wiki nzima ya mafua, Mama Yumna. Wiki nzima. Uniangalie. Mume wangu halijui hilo. Mama yangu amekufa halijui. Nilimwambia mtu mmoja, ndani ya chumba ambacho hata baba mwenye nyumba anabisha hodi, na Bi Mize akanifungia leso kiunoni akasema yanayosemwa humu yanabaki humu. Nikapona pale pale. Unanielewa? Sikunywa dawa. Nilipona kwa sababu nililisema, na likaisha."

"Profesa anasema hakuna majina."

"Mimi ninasema hapana."

"Itasaidia wanawake—"

"Hapana. Wamsaidie mwanamke kwa kitu kingine, si kwa mimi." Alichovya brashi kwenye ndoo. Kisha akaniuliza, akiwa amenipa mgongo: "Yumna naye alivaa?"

"Alivaa."

"Chumba chenu namba ngapi?"

Vyumba mia mbili na kumi na mbili, miezi minne ya kazi, na kila nilipoona tarehe za mwezi aliozaliwa Yumna niliviruka, nikawaachia wenzangu. Nilijiambia ni bahati tu ya mgao.

"Hujui," alisema Mwalimu Hidaya. "Za wenzio unazijua kwa namba, yako hujui. Nenda kakisikilize. Na mkeka huo uache, nitausugua mwenyewe."

*

Jumapili mchana maabara ilikuwa tupu. Wachambuzi tuna ruhusa ya kuingia siku za mapumziko, mlango ulinifungukia bila neno. Nilimwacha Yumna kwa dada yangu. Sikutaka awe karibu na sauti ile.

Nilikipata kwa saa moja na nusu. Chumba cha mia moja thelathini na moja. Karibu mgeni, karibu. Mjukuu wa fundi saa asiyefika mahali kwa wakati. Huyo ni baba yangu, na licha ya yote nilitabasamu.

Siku ya tisa. Maji. Mwanamke mmoja analia kama mnyama, na sikumjua mpaka nilipoyasikia maneno yake.

"Mtoe juu yangu. Mtoe. Ni mdudu. Ananinyonya kama kupe, ananuka, mimi nanuka, Bibi, nikimwangalia nasikia kichefuchefu. Mpeni mwenye mapenzi naye."

"Mwanangu—"

"Si wangu! Mpeni mtu! Simtaki!"

Kisha kofi. Nilikuwa nimejipiga paja, nakumbuka, lakini kwenye hedifoni hujui nani amepigwa. Mtoto akalia. Na hapo nilipokaa, miezi kumi na moja baadaye, maziwa yakashuka tena, safari hii kwa mwanangu mwenyewe.

"Tumbo linamsokota," ilisema hirizi. "Hongera kwa uvumilivu wako, mama."

Niliweka hedifoni mezani. Kwa muda nilifuta tu mikono yangu kwenye sketi, juu na chini. Gredi ikilisikia kofi lile, haitauliza lilikuwa la nani.

Kisha nikafungua orodha ya vyumba vyote na kuanza kufuta. Ningeweza kuvifuta kwa pigo moja. Nilivifuta kimoja kimoja, maana kwa pigo moja ilikuwa kama kuweka tano. Nilianza na cha themanini na nane. Mashine iliuliza kila mara kama nina hakika, na kila mara nikajibu. Niliyemuuliza alikuwa mmoja, naye alisema hapana. Mia mbili na kumi hawakuulizwa kabisa.

Nilikuwa nimebakiza vitatu Profesa Shekiondo alipoingia na mafaili ya Jumatatu kwapani. Aliitazama skrini. Mafaili yakamteleza, yakatawanyika sakafuni.

"Umefanya nini?"

Nikafuta kimoja. Nikafuta kingine.

"Mama Yumna! Hakuna nakala! Unajua hakuna nakala! Miaka mitatu..." Alishika ukingo wa meza. "Umewaokoa hao, umewauza wanaokuja. Kampuni itatucheka mpaka usoni. Umewapa sherehe."

"Kimebaki kimoja."

"Kimoja si kitu! Nimekwambia, kimoja kinatengenezwa!"

"Kisicho na mwenyewe kinatengenezwa. Hiki kina mwenyewe. Hirizi yake ipo nyumbani kwangu kabatini, na namba iliyochongwa juu yake imo ndani ya faili la chumba hiki. Mwenyewe atasimama mbele yao na kusema huyu ni mimi, nilisema haya, wanieleze waliyapataje. Wamwite mashine, akiwa amesimama pale."

Hasira yake haikuondoka, ila nyuma yake kitu kilianza kupiga hesabu, na nilikiona.

"Cha nani?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Changu."

"Gredi itakushukia. Unaelewa? Wanaweza kuja nyumbani."

"Naelewa."

"Na wasipoamini?"

"Basi angalau watakaonisikiliza mimi, niliwaruhusu."

Alivuta kiti. Hakuomba radhi, wala mimi sikuwa nayo ya kumpa. Akachukua hedifoni, akazifuta kwa upindo wa kitenge kama mtu anayefuta kijiko cha mwenzake, akazivaa.

Mimi nilikuwa nimesikiliza watu miezi minne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amekaa mbele yangu. Nilitaka kutoka nje. Nilitaka kwenda chooni, nikafungue bomba, nisisikie hata mvumo. Nikakaa. Nikaona bega lake likishtuka kidogo, nikajua amefika kwenye kupe. Nikaona mkono wake ukipanda polepole, umefunika mdomo. Uso wake ulijikunja, ule mkunjo mdogo wa mtu aliyefungua sufuria iliyochacha, akajaribu kuuficha kwa ajili yangu.

Akasimamisha sauti. Hakuweza kuniangalia.

"Inatosha," alisema.

"Haitoshi," nikamwambia. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza iendelee. "Sikiliza tu, Profesa. Kofi bado."